Goti la Seif

Mafuta ya nazi yakipashwa moto pamoja na kitunguu saumu hutoa harufu nzito, tamu kidogo, inayoshika ukutani na kukaa siku nzima. Juzi niliinusa nikipita nyuma ya ua wa jirani, hapa Kibiti ninapoishi uzeeni, na miguu ikasimama yenyewe. Nikajua bila kuuliza kwamba mle ndani kuna mtu ameteguka. Nikajua pia kwamba nikisimama pale kidogo zaidi nitakumbuka jambo nililolikwepa miaka mingi, na kwa umri wangu kukwepa kumekuwa kazi ngumu kuliko kukumbuka. Basi ngoja niwasimulieni.

Nilizaliwa pacha, kule Mohoro. Mwenzangu Kurwa alichukuliwa na surua kabla hatujajua kutembea, nikabaki mimi Doto peke yangu. Kwetu watu waliamini, na wapo wanaoamini mpaka leo, kwamba aliyeteguka akichuliwa na pacha hupona upesi, na kwamba pacha aliyebaki mmoja ana nguvu maradufu kwa kuwa amebeba na fungu la mwenziwe. Kwa hiyo tangu nina miaka sita nilikuwa naamshwa alfajiri, tongotongo machoni, naletewa kifundo cha mguu cha mtu mzima kilichovimba kama boga, bibi ananipaka mafuta viganjani, naambiwa nichue.

Utaratibu alionifundisha bibi ulikuwa mfupi. Usome bismillahi, upitishe viganja juu ya uvimbe mara tatu, kwa wepesi, kisha uondoe mikono. Asubuhi tatu, basi. Alikuwa akiniambia kwamba mimi napapasa tu, anayeponya ni Mungu, na nikikuta kiungo hakikai sawasawa nimwambie mwenyewe aende kwa wanaojua mifupa. Malipo yangu yalikuwa yai moja la kuchemsha. Nilikula mayai mengi mno. Wenzangu wakinitania kwamba kila nikiswali nawaombea watu wateleze.

Tulipofika madarasa ya juu shuleni, nikawa mganga wa timu ya mpira. Mwenyewe sikuwa mchezaji. Nilikuwa na pumzi fupi na miguu iliyokuwa ikigongana. Lakini mtu akianguka uwanjani huku ameshika shavu la mguu, jina lililoitwa ni langu. Nilikimbia na kichupa changu cha mafuta, namkunjua mguu, napapasa, na baada ya dakika mbili mtu anainuka anacheza. Watazamaji wanapiga makofi. Leo najua kwamba wengi wa wagonjwa wangu walikuwa wamebanwa tu na misuli kwa jua na kiu, na msuli uliobanwa hujiachia wenyewe ukinyooshwa kidogo na mtu akinywa maji. Wale walioteguka kidogo nao wangepona hata kama ningewaimbia. Sifa nilipokea mimi. Mtoto akisifiwa kila wiki kwa kitu asichokijua, mwisho huamini kwamba anakijua.

Nikaanza kuongeza mambo. Nilimwona mzee mmoja fundi wa mifupa akimvuta mtu bega likarudi mahali pake, na ule mlio, na yule mtu alivyolia kisha akacheka, vikanikaa kichwani. Kupapasa mara tatu nikaanza kukuona kama mchezo wa watoto. Nikawa nakanda kwa maji ya moto, nabonyeza kwa kidole gumba, navuta vidole vya miguu mpaka vilie. Bibi hakujua. Miezi ile alikuwa shambani, kwenye dungu, akilinda mpunga dhidi ya ndege na ngiri.

Seif alikuwa mtoto wa mama mdogo Zaituni, mdogo wake mama yangu. Tulilelewa ua mmoja. Alikuwa namba saba wa timu, mwembamba, mwenye mbio za kukera. Mwaka wa mwisho wa shule ya msingi tulipangiwa kucheza na Nyamwage siku ya Jumamosi, na mwalimu wa michezo alikwisha sema kwamba watu wa wilaya watakuja kuchagua vijana wa kwenda kuchezea wilaya. Seif hakuwa na habari nyingine. Alilala na mpira.

Uwanja wetu ulikuwa kwenye udongo wa bonde, ule ambao mafuriko yakiondoka na jua likikaza hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Alhamisi, mazoezini, mguu wa kulia wa Seif ukaingia kwenye ufa naye akiwa anageuka. Kiwiliwili kilizunguka, mguu ukabaki. Alikaa chini akashika goti.

Nilimkuta hajalia. Goti lilikuwa limeanza kujaa upande wa ndani. Laiti ningelipapasa mara tatu nikamwacha, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Lakini timu nzima ilikuwa imetuzunguka, na mtu mmoja akasema, "Doto, fanya yako, Jumamosi tunamtaka huyu." Nikaomba maji ya moto. Nikalikanda goti mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kisha nikamwambia mmoja amshike mapaja, nikashika mguu kwa mikono miwili, vidole vyangu vyote vimezama kando ya goti, nikauvuta huku nikiupinda.

Kitu kikalia chini ya vidole vyangu, kama muhogo mkavu ukivunjwa. Seif akapiga ukelele mmoja tu.

"Limeingia," nikasema.

Nawaambieni ukweli wangu wote: sikujua kama limeingia au limetoka. Sikujua hata kama kulikuwa na kitu cha kuingia. Mlio ule ulinitisha. Lakini wenzangu walishusha pumzi, wakanipiga mabegani, nami nikatabasamu.

Jumamosi asubuhi alikuja kwetu akichechemea, amevaa jezi tayari. Uvimbe ulikuwa umeshuka kidogo. Akanisogeza kando ya jiko la nje.

"Doto, niambie kweli ndugu yangu. Nicheze, nisicheze?"

"Cheza," nikamwambia. "Si nimekwambia limeingia?"

Alicheza nusu ya kwanza mguu ukiwa mkavu kama mti, na bado akawapita mabeki wao mara mbili. Nusu ya pili alipokea mpira pembeni, akataka kuingia ndani kama kawaida yake, na goti halikumfuata. Hakugongwa na mtu. Alikaa tu taratibu, kama anayekaa kula, na uso wake ukawa wa majivu. Mwalimu akaniita nikamchue. Nilisimama mstarini na mikono nyuma, sikusogea. Aliyesogea ni mama mdogo Zaituni, aliyekuwa akiuza kashata chini ya kivuli cha madarasa. Alipiga magoti, akaliangalia goti la mwanawe kwa muda mrefu sana, kisha akavua kanga ya juu akalifunga. Akasema mtu yeyote asimguse.

Kesho yake kulipopambazuka wakampandisha lori la mpunga liendalo Kibiti. Sikualikwa. Nilipanda nyuma nikakaa juu ya magunia, nikaushika mguu wake usirukeruke. Barabara ya siku zile ilikuwa mashimo matupu. Daraja halikuwapo; pale Ndundu tulingoja pantoni mpaka jua likawa utosini, na Seif akinitazama. Tulifika hospitali ya Mchukwi jioni, na asubuhi yake tabibu akatuona.

Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kipande cha kamba mezani. Alipomaliza kulipima goti aliichukua kamba ile, akatuonyesha nyuzi zake. Akasema mifupa ya goti imeshikwa kwa kano zilizo kama kamba hii. Ikikatika nyuzi mbili tatu, ukiiacha itulie itajishona, ila ukiivuta unamalizia zilizobaki. Kiungo kikiumia, akasema, mtu apumzike siku zile za mwanzo, awekewe kitambaa cha maji baridi, afungwe bandeji isiyobana sana, mguu uinuliwe juu ya mto. Asichuliwe. Asikandwe kwa maji ya moto, maana moto huongeza damu mahali palipovimba. Wala asivutwe na mtu asiyejua.

Kisha akauliza, akimtazama Seif, "Nani alilivuta goti hili?"

Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono mapajani. Nami nilikuwa mlangoni.

"Nilianguka tu, dakta," Seif akasema.

Palikuwa na nafasi. Nimepima nafasi ile maisha yangu yote. Ilitosha mtu kusema maneno manne. Nikaangalia sakafu.

Walimfunga mguu plasta ngumu, ile watu waiitayo hogo, kuanzia pajani mpaka karibu na kifundo. Ilipotolewa wiki nyingi baadaye, mguu ulitoka mwembamba kama fito, wa rangi nyingine. Tabibu akasema kano imeshika kiasi, lakini msuli wa paja umelala, na ndio utakaolishika goti badala ya kano. Kazi yake: akae chini, anyooshe mguu, auinue, auhesabie kumi, aushushe. Mara thelathini asubuhi, mara thelathini alasiri. Baadaye aongezewe uzito.

Hapo nikaweka nia. Sikuwa na ujasiri wa kusema, lakini wa kuamka nilikuwa nao. Mama mdogo alishona kifuko cha kaniki, nami nikakijaza mchanga wa mtoni, kwanza vikombe viwili. Kila alfajiri baada ya swala nilikuwa mlangoni kwao. Siku nyingine Seif alinifukuza. Siku moja alinirushia kifuko kikanipata kifuani, akaniambia niende nikachue mbuzi. Nilikiokota, nikakifunga tena mguuni pake, nikaanza kuhesabu. Wenzetu walipita kwenda shule wakiuliza mkunga wa Seif atazalisha lini. Nikahesabu. Masika yakaja, mto ukajaa, njia ikawa maji ya kiunoni. Nilivuka nikiwa nimebeba nguo kichwani, nikahesabu. Vikombe viwili vikawa vinne, vinne vikawa kumi. Msuli wa paja ukaanza kurudi, tukawa tunaugusa kila Ijumaa kama watu wanaokagua boga shambani.

Alitembea. Alibeba magunia, alioa, alipanda minazi. Lakini mbio hazikurudi, na kugeuka ghafla hakuweza tena. Siku za mvua alipanda ngazi mguu mmoja mmoja. Akafungua genge la kutengeneza baiskeli pale Mohoro, na vijana walipocheza mpira alikaa amewapa mgongo. Hakunisema. Si siku ile, si baadaye.

Aliyesema ni mama yake, na alisema kinyume. Kila penye watu, arusini, kwenye maulidi, siku za Idi, mama mdogo Zaituni alinishika mkono akawageukia wageni. "Mnamwona huyu? Huyu Doto ndiye alimwuguza mwanangu. Alivuka maji ya kiunoni kwa ajili ya goti la Seif." Watu wakaniombea dua. Nami nikajibu amina, sifa zile zikinichoma kama mkaa ulioshikwa kiganjani. Niliposoma sekondari, nilipopata kazi, niliporudi nina watoto, alirudia maneno yale yale, neno kwa neno, akinitazama usoni. Bibi yangu alikuwa na msemo wake, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Niliufikiria sana, kisha nikanyamaza tena.

Zaidi ya miaka thelathini ikapita hivyo. Yeye akazeeka, magoti yakamshika, akawa hatoki kitandani ila kwa kushikwa. Siku moja nikiwa nimekwenda kumjulia hali, baada ya shikamoo na marahaba, akanyoosha miguu juu ya mkeka akaniambia nimchue, kwa kuwa mikono ya pacha haizeeki. Kikombe cha mafuta kilikuwa tayari pembeni. Nikachovya vidole, nikashindwa kumgusa.

"Mama mdogo," nikasema, "goti la Seif nililivuta mimi. Siku mbili kabla ya mechi. Lililia mikononi mwangu, na nikamwambia limeingia. Yeye aliniuliza kama acheze, nikamwambia acheze."

Hakushtuka. Alifunga kanga yake vizuri kifuani, kama mtu anayejiandaa kwa safari fupi.

"Vidole vyako vilikuwa vimechorwa pale gotini, mwanangu. Vinne huku, gumba huku. Niliviona siku ile ile uwanjani. Nikasema, huyu ni mtoto, atakuja mwenyewe. Umechelewa, weye."

Nikamuuliza mbona basi alikuwa akinisifu mbele za watu.

"Nilikuwa nakuita," akasema. "Sasa chua. Polepole."

Nikachua, mara tatu, kwa wepesi, kama nilivyofundishwa kabla sijajitia ujuzi. Jioni ile nilipita kwa Seif gengeni nikamwambia kwamba mama yake nimemweleza yote. Aliendelea kukaza spoki, akaitikia kwa kichwa, kisha akanisogezea kigoda.

Utotoni nilidhani nimeficha kosa langu kwa ustadi, na kwamba mchanga ule na hesabu zile zilikuwa zinalilipia kidogo kidogo. Ukweli ni kwamba mwanamke mmoja aliliona tangu mwanzo, akaniachia mlango wazi miaka yote ile, na kila siku ya Idi alinishika mkono akanipeleka mpaka kizingitini. Mimi ndiye niliyekuwa nageuka na kurudi. Mguu wa Seif nilioumiza niliweza kuutunza kwa kifuko cha mchanga. Lakini miaka ambayo mama yake alingoja nikiri, sikuwa na mchanga wa kuilipia.