Dalali Niliyempikia Chai

Nakumbuka saa ile subira yangu ilipokatika. Vijana wawili walikuwa wanatoa cherehani yangu mlangoni, na sketi ya shule bado imeshikwa na sindano, inaburutwa kwenye matope ya Kitale. Nikaishika ile sketi. Kijana wa nyuma akacheka.

"Madam, tulia bana. Si ni kazi tu?"

"Kazi ya nani? Ya mama yako?"

Nikavua ndala nikarusha. Ikampata dalali mwenyewe kifuani, pale anapopanga kalamu zake.

Mwanangu Nekesa, majirani watakuhadithia haya, na wataanzia kwenye ndala. Mimi naanzia kwenye chai, maana kosa langu lilikuwa kwenye chai. Najua nasaha ni za wenye mvi, na mimi sina hata moja. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeumwa mapema. Basi keti usikie.

Deni lilikuwa langu, sikatai. Nilichukua vitambaa vya sare kwa mkopo kwa mwenye duka la jumla, nikashona, shule ikakaa muhula mzima bila kunilipa. Mwenye duka akachoka kungoja. Akaenda mahakamani, akashinda, kibali cha kukamata mali yangu kikatoka, dalali akatumwa. Dawa ya deni kulipa, na nilikuwa nalipa: nilikuwa na sare za muhula mpya mezani, zikiisha tu nimalizane naye. Sasa uniambie, nizimalize na nini bila cherehani? Na meno?

Siku ya kwanza dalali alikuja peke yake, shati limepigwa pasi, akabisha hodi taratibu kama mtu wa kanisa. Kwetu mgeni haulizwi kama ana njaa. Nikampa kiti, nikawasha jiko, nikamletea chai ya maziwa na nduma ya kuchemsha. Akawa anapuliza chai huku macho yanazunguka: cherehani, kabati, godoro lako. Nilidhani anaona hali yetu anatuhurumia. Kumbe anahesabu.

Akatoa karatasi. "Mama Nekesa, weka sahihi hapa. Ni ya kuonyesha tu nilifika."

"Na hapa kwa tarehe, mbona ni wazi?"

"Ah, hapo nitajaza ofisini. Chai yako tamu, bana."

Nikatia sahihi. Kidato cha nne nimemaliza, mwanangu, na nikatia sahihi karatasi ambayo sijaisoma. Niliona aibu kuanza kusoma mstari kwa mstari na mgeni ameshika kikombe changu, kama vile namwambia wewe ni mwizi. Na alikuwa mwizi!

Siku ya tatu akarudi na pikapu na wale vijana. Wakachukua cherehani, wakaniachia nakala ya ile karatasi, tarehe imejazwa.

Ndala haikurudisha kitu. Cherehani ilipelekwa kwenye yadi yake Bungoma, na ilikuwa ipigwe mnada Ijumaa. Nikakubeba mgongoni nikaifuata. Mlinzi akakataa kufungua. Nikagonga lile geti kwa jiwe mpaka watu wakajaa, na wale vijana wa pikapu kati yao. "Ati huyu ndiye wa ndala?" Wakacheka. Wewe ukalia, mimi nikalia, geti likabaki limefungwa.

Wakati wa kurudi nikashuka Kamukuywa kwa senge yangu, dada ya baba, anayeuza maharagwe sokoni. Kwetu senge ndiye anayekupa ukweli kabla hajakupa leso. Nilimweleza yote kwa kelele. Yeye akaendelea kupepeta. Nilipomaliza akauliza:

"Ulimpa chai?"

"Nilimpa."

"Na nduma?"

"Na nduma, senge."

"Nduma ya nani, ile niliyokuletea?" Akatikisa kichwa. "Umempokea kama mkwe, na yeye amekuja kama dalali. Mgeni mpe chai. Karatasi ipe macho. Hizo ni heshima mbili, moja haifuti nyingine. Na hiyo kelele yako, dalali ameizoea kama bata alivyozoea mvua. Leta hiyo karatasi."

Akaisoma kwa kidole, polepole, mpaka nikataka kumnyang'anya. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, karatasi yenyewe ilisema mdaiwa anapewa siku saba za kulipa kabla mali haijachukuliwa. Saba! Mimi nilipata mbili. Kidole cha senge kikapanda hadi kwenye tarehe.

"Siku hii ulikuwa wapi?"

Nilitaka kusema nyumbani. Halafu nikakumbuka. Siku hiyo nilikuwa wodini na wewe, una nimonia, na nyumba yetu imefungwa kufuli. Kitabu chako cha kliniki kilikuwa ndani ya mkoba, chini ya nepi. Tarehe ya kulazwa, tarehe ya kuruhusiwa, mihuri. Dalali alikuwa ameirudisha tarehe nyuma ili siku saba zionekane zimepita. Senge akaweka kitabu na karatasi bega kwa bega juu ya gunia.

"Sasa kasirika," akasema. "Lakini kwa kalamu."

Mwanangu, deni lilipe. Ukishindwa, nenda mwenyewe kwa anayekudai kabla hajakutafuta. Akija dalali, muulize kibali chake mlangoni, usome hadi herufi ndogo, hata kama chai inapoa. Nafasi iliyo wazi kwenye karatasi usiiachie mkono wa mwingine. Na hasira usiimwage getini, iwekee muhuri. Mungu akupe mikono ya kazi na macho ya kusoma, na mlango wako usikose wageni wa kweli.

Hii ndiyo barua niliyoipeleka Alhamisi asubuhi, kwa mahakama iliyotoa kibali na kwa bodi inayowapa madalali leseni. Nakala yangu imepigwa muhuri:

"Mimi ni mshonaji wa Kitale. Nalalamika kwamba dalali alichukua cherehani yangu siku mbili baada ya kunipa karatasi, badala ya saba, na akajaza tarehe ya siku ambayo nilikuwa hospitalini na mtoto. Nimeambatisha kitabu cha kliniki. Naomba mnada wa kesho usimamishwe na cherehani irudishwe, kwa sababu ndiyo itakayolipa deni, na deni silikatai. Nilimrushia ndala moja, hilo pia silikatai. Chai aliyokunywa kwangu, hiyo sidai."