Registre ya Majina Wangu

Kwetu Katanga, mtu mwenye jina kama lako humwiti kwa jina hilo. Unamwita "majina", naye anakuita vivyo hivyo, na kuanzia siku hiyo mambo yenu yameingiliana: akifiwa umefiwa, akipata mtoto unaletewa habari kabla ya shangazi zake. Mimi nilimpata majina wangu kazini, hapa Likasi, katika ofisi ya watu wanne iliyotengeneza programu za zahanati. Jina letu wanaitwa wanaume na wanawake. Yeye ni mwanaume, mpole hadi anakera. Mimi ni mwanamke, na mdomo wangu hufika ofisini kabla yangu.

Siku yangu ya kwanza patron, mwenye ofisi, alikuwa hajanifungulia akaunti. Majina wangu akanipa faili lenye ufunguo wake wa kuingilia kwenye mashine.

"Tumikisha yangu tu," akasema. "Jina si iko moja?"

Tulicheka sana. Wiki iliyofuata patron alinipa ufunguo wangu mwenyewe na kila mtu akajua ninao. Lakini kubadilisha faili kulinitia uvivu, basi nikaendelea na ule wa majina wangu, miezi mitatu, bila kumwambia mtu.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Kila programu tuliifungasha ndani ya kontena pamoja na vitu vyote inavyohitaji, kisha tukaipeleka kwenye klasta, yaani kundi la mashine zinazofanya kazi kama mashine moja. Klasta imegawanywa vyumba. Ndani ya chumba kimoja kila kitu kina jina lake, na jina halirudiwi. Ukileta kitu kipya chenye jina la kitu kilichopo, mashine inakukatalia: jina limeshachukuliwa. Hapo ama unabadilisha jina la chako, ama unakifuta kile cha zamani.

Baba yake majina wangu alikuwa katekista katika kijiji kimoja upande wa Kapolowe. Maisha yake yote aliandika wabatizwa wa kanisa lao dogo katika daftari kubwa, registre, kwa mkono wake. Mvua ikavujia kabatini, mchwa wakamalizia. Bahati nzuri majina wangu alikuwa ameshapiga picha kila ukurasa kwa simu, na simu ilipojaa alizihamishia kwenye klasta yetu, chumba cha majaribio, kwa ruhusa ya patron. Alitengeneza na programu ndogo ya kuzifungua. Kila Jumapili alikwenda kijijini na kompyuta yake, akamsomea mzee ambaye macho yalikuwa yamekwisha kabisa.

Nilikwenda naye mara moja. Mzee aliketi kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini. Kila jina liliposomwa, alisema habari zake: huyu alilia hadi maji yakamwagika, huyu mama yake alitembea siku mbili. Nilimuuliza kwa nini wasiruke hadi ukurasa wa mtoto wake mwenyewe, kwa sababu mwenzangu alikuwa ameniambia kwamba baba ameahidi kueleza, siku watakapoufikia, kwa nini alimpa jina lile. Ambalo ni langu pia, nami nilitaka kujua.

"Hapana, mama," mzee akasema. "Haturuke hata page moja. Tutafika kwake." Kisha akanitafuta mkono. "Weye majina ya mutoto yangu, weye njo mutoto yangu."

Ijumaa iliyofuata wauguzi wa zahanati moja walikuwa waje kabla ya saa sita kuonyeshwa daftari lao jipya la wagonjwa. Nilikuwa nimelitengeneza mimi. Umeme ungekatwa mchana, tulijua. Saa nne na nusu nikatuma programu yangu kwenye chumba cha majaribio, mashine ikakataa. Nikatuma tena, ikakataa. Jina limeshachukuliwa, na jina la diski inayohifadhi data zake pia.

Nilikuwa nimeiita "registre". Ningeiita nini kingine? Wagonjwa wanaandikwa kwenye registre, wabatizwa wanaandikwa kwenye registre, hata waliokufa. Nikajiambia hiyo iliyopo ni jaribio langu la wiki iliyopita nililosahau kulisafisha. Nilijiambia hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe. Kufungua na kutazama ndani kungechukua nusu dakika. Kuongeza neno moja kwenye jina la kwangu kungechukua chini ya hapo. Na mwenye kitu alikuwa amevuka barabara tu, kununua beignets, maandazi yetu.

Nilikuwa nimekasirika, ndio ukweli. Mimi nikikatazwa mara mbili sitafuti sababu tena. Nikafuta programu, nikafuta na diski yake, nikatuma yangu, ikapokelewa. Majina wangu akarudi, akaniwekea beignets mbili za moto juu ya karatasi zangu.

"Imekubali?"

"Imekubali."

Wauguzi walifurahi. Patron alinisifu mbele yao.

Jumatatu majina wangu aliingia bila kusalimia mtu. Alifungua kitabu cha matukio, mahali mashine inapoandika nani amefanya nini, nami nikamwona anasoma mstari mmoja tena na tena. Nikaenda nyuma ya kiti chake. Mstari ulisema kwamba registre ilifutwa Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, na aliyefuta ni fulani. Fulani huyo ni yeye. Jina ni letu sote, lakini ufunguo ulioandikwa ni wake.

"Ni minye," akasema taratibu. "Ile saa nilikuwa nasafisha vitu vyangu vya zamani. Nilifuta ya baba."

Saa za mashine ziko nyuma ya saa za Likasi kwa saa mbili. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Lakini mtu aliyepoteza kitu kama kile hakumbuki hesabu. Mimi nilikumbuka palepale, nikiwa nimesimama nyuma ya kichwa chake, na niliiona ile saa nne na nusu waziwazi. Nikamwekea mkono begani, nikasema pole.

Siku ile ile nilibadilisha ufunguo. Uvivu uliisha kwa dakika moja.

Alijaribu kila njia. Chumba cha majaribio hakikuwa na nakala ya akiba. Jumapili aliniomba nimsindikize, kwa sababu aliogopa kwenda peke yake, nami nikaenda. Alipiga magoti mbele ya kile kiti cha plastiki.

"Baba, unisamehe. Minye njo nilifuta. Jina yangu njo iko mu machine."

Yeye na mzee walikuwa wamebakiza kurasa nne tu kufika kwenye ukurasa wake.

"Bilishapita," mzee akasema, yaani yamekwisha kupita. Hakuuliza zaidi, na hakueleza habari ya jina. Nilidhani angeeleza hata bila kitabu. Jumapili zilizofuata alikuwa akilala tu, na siku moja hakuamka.

Patron aliweka sheria: jina la kila kitu lianze na herufi za mwenye kitu, kisha kazi yake, kisha chumba chake. Leo mimi ndiye ninayewafundisha wageni sheria hiyo, na ni mkali kuliko yeye. Wananiogopa. Wanadhani napenda utaratibu.

Kwenye kilio cha mzee nilimkuta majina wangu amekaa chini kwenye mkeka, kati ya wajomba zake. Nilikuwa nimeapa njiani. Nikachuchumaa mbele yake, nikasema kwa sauti, wote wakisikia:

"Majina, ni minye njo nilifuta registre. Haiko weye. Ni minye."

Alinitazama. Kisha machozi yakamtoka, kwa mara ya kwanza siku ile, akanishika mikono yote miwili.

"Aksanti, majina," akasema. Akawageukia wajomba. "Mumesikia? Ni majina yangu. Anapenda kunisaidia kubeba kosa yangu."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja akasema ndiyo, huyo ndiye majina wa kweli. Nilikuwa na maneno mengine tayari kinywani: ongeza saa mbili, kumbuka beignets, ulikuwa umevuka barabara. Yangetosha. Lakini walikuwa wananitazama kwa upendo mkubwa, na yeye alikuwa bado amenishika mikono.

Wakanisogezea kiti karibu na mama yake, mahali pa watoto wa marehemu. Wakaniletea bukari, ugali wetu, na samaki kabla ya wageni wengine. Nikala.