Kabati Nililochagua Mimi

Ukitaka kunirudisha kwetu Kibirichia, kule mlimani, usinionyeshe picha. Pitisha randa mara moja juu ya ubao wa saipresi, kisha uniwekee yale maranda mkononi. Harufu ile ya limau na utomvu ikinifika puani tu, nina miaka kumi na moja tena, nimevaa sweta ya shule iliyotoboka viwiko, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya kule juu.

Mwezi uliopita harufu hiyo ilinifuata hadi hapa Embu, mtaa wa Dallas ninakoishi. Siku tano za juma mimi ni mwalimu wa hesabu. Ya sita ni fundi mbao wa kujifundisha, na nyuma ya nyumba nimejijengea karakana ndogo ya mabati. Hadi wakati huo nilikuwa nimetengeneza vigoda, meza mbili na kitanda kimoja kinacholia kila mgeni akijigeuza. Vifaa vilikuwa vimenijaa sakafuni, nikaamua ni wakati wa kuvitengenezea makabati, nikaenda kununua mbao kwa Ciarunji. Huyu ni mama mmoja wa kutoka Siakago ambaye huuza mbao karibu na kwangu na hutania kila mtu.

Aliniuliza swali la kawaida kabisa. "Mwalimu, hizo kabati za vifaa, unataka za milango ama za wazi?"

Nilisimama pale na karatasi yangu ya vipimo, mtu mzima mwenye wanafunzi wanaomwogopa, nikihesabu upya mbao zilizokwisha hesabiwa badala ya kumjibu. Ciarunji akacheka, akanikumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Nami nikacheka, nikabeba mbao zangu, nikaenda. Hakujua kwamba swali hilo nilishawahi kulijibu mara moja maishani, wala jibu langu lilifanywa nini.

Niwaeleze kwanza kuhusu majina, maana bila hayo hamtaelewa. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na mvulana wa kwanza jina la babu. Na halitolewi jina tupu, mwenye jina mwenyewe huja nalo. Mimi niliitwa Kawira kama nyanya, kwa hiyo baba yangu aliniita Mama. Ndugu yangu mdogo, Murithi, alipewa jina la babu aliyefariki kabla hatujazaliwa, kwa hiyo baba alimwita Baba. Nyumba yetu ilikuwa na wazee wawili wa kuheshimiwa, mmoja wao bado anakojoa kitandani, na si mimi. Baba alipotaka kunikaripia ilibidi aanze kwa kuniomba radhi. Nyanya mwenyewe, aliyeishi ng'ambo ya nyasi za nepia, alikuwa akiniita Wajina, nami nikimwita Wajina, na kila Jumapili baada ya kanisa alinimiminia uji uliochachuka vizuri kutoka kwenye kibuyu, kikombe cha kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumamosi alikuwa fundi. Alifanyia kazi kwenye banda lililokuwa la ndama, na vifaa vyake vilikuwa vile vya babu: randa ya mti iliyong'aa kwa jasho la mikono, patasi tano, misumeno miwili, nyundo yenye mpini uliopasuka. Vyote vililala ndani ya gunia la viazi. Aliyejua patasi ipi iko upande gani wa gunia ni mimi. Tangu darasa la tatu nilikuwa naye bandani kila Jumamosi, na aliposema "ile nyembamba" mkono wangu ulikuwa tayari umeishika.

Basi Jumamosi moja akasema tutengeneze kabati, gunia litatukata vidole. Alichukua karatasi ya mtihani wa zamani, akaigeuza, akachora mitindo mitatu. Wa kwanza ulikuwa kabati la ukutani lenye milango miwili. Wa pili ulikuwa kabati la droo, la kusimama sakafuni. Wa tatu ulikuwa ubao mpana wenye kingo tu, wa wazi, kila kifaa kikining'inia mahali pake.

"Mama, chagua wewe," akaniambia. "Si wewe ndio unajua vitu zinakaa wapi?"

Sijui kama mliwahi kuaminiwa hivyo mkiwa na miaka kumi na moja. Nilitembea na karatasi ile siku nne ndani ya kitabu cha hesabu. Nililifikiria jambo lile kwa uzito kuliko nilivyofikiria baadaye kuhusu kuolewa. Droo nilizikataa kwa sababu kule kwetu masika mbao huvimba, na droo ikivimba utaipiga mateke hadi Agosti. Milango niliikataa kwa sababu banda lilikuwa jembamba, na mlango ukifunguka ungemgonga mtu kichwa, na mtu huyo ningekuwa mimi. Nikachagua wa wazi. Niliongeza wazo langu mwenyewe, kwamba kila kifaa kichorewe umbo lake kwa penseli pale ubaoni, ili kisipokuwepo ionekane mara moja. Baba akasema ukungu utaingiza kutu. Nikamwambia nitavipaka mafuta kila Jumamosi. Aliikunja karatasi ile, kisha akasema sawa, tutajenga ya Mama.

Tulijenga Jumamosi nyingi, Mei yote na Juni yote. Niliruhusiwa kukata kiungo cha pembe moja, ile ya chini kushoto, na kilikaa bila kutikisika. Nilichora maumbo yote, la randa likatoka zuri zaidi. Siku moja baba alichukua patasi pana, akaniambia nishike fremu kwa nguvu, akachonga kwenye kingo za mbele nafasi nne fupi, mbili kila upande, za kina cha ukucha. Nikamuuliza ni za nini. Akasema ni za kupumulia, mbao nayo inahitaji kupumua. Nilizipitishia msasa kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, hadi zikawa laini kabisa, maana nilitaka kabati letu lipumue vizuri.

Likizo ya Agosti nilipelekwa Siakago kwa shangazi. Baba alisema gundi na mafuta vinahitaji muda, nikirudi nitalikuta ukutani. Kule kulikuwa na joto, vumbi, pojo za kuchambua, na mbuzi waliokuwa na akili kuliko binamu zangu. Mchunga mbuzi mmoja jirani alinipa kipande cha mti wa kwao mgumu kama jiwe. Kwa wiki tatu nilikaa kivulini nikikikwangua kwa kipande cha chupa hadi kikawa mpini wa nyundo. Nilijua umbo lake kamili, kwa sababu nilikuwa nimelichora mwenyewe.

Nilirudi, nikapita nyumba bila kumsalimia mtu, nikaingia bandani. Kabati lilikuwa ukutani. Lilikuwa na milango miwili ya saipresi, komeo na kufuli. Kwa nje hukuweza kujua kwamba ndani kulikuwa na mchoro wowote wa penseli.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Murithi, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Alikuwa na miaka mitano. Alikuwa ameketi mlangoni akiunyonya. Hakuweza kulifikia kufuli hata akisimama juu ya kigoda, ilibidi baba amwinue kila mara, mzee wa ukoo akifungua mali yake huku kamasi zinamtoka. Sasa nikiwa mtu mzima naweza kucheka. Siku ile nilihisi kitu kimekatika ndani yangu.

Baba hakunitazama. Alikuwa akipiga randa ubao ambao tayari ulikuwa umenyooka. Alisema nyanya alikataa lile la wazi nilipokuwa Siakago, nimuulize yeye.

Nilivuka nepia nikikimbia, mpini bado mkononi. Nyanya alikuwa akimenya viazi. Aliponiona alivuta kikombe, akaanza kumimina uji, nami nikamuuliza nikiwa nimesimama kama ni kweli. Alimimina hadi kikajaa, akaweka kibuyu chini.

"Ni kweli, ni mimi," akasema. "Miaka yote niliyokaa na babu yako sikufungua sanduku lake la kazi. Na wewe ni mimi, Wajina."

Sikukigusa kile kikombe. Nilimwambia, "Sawa, Nyanya," na nikaona jinsi neno hilo lilivyomfika. Tangu siku hiyo sikumwita Wajina tena. Nilimwita Nyanya, kama walivyomwita watoto wa jirani. Jumapili aliendelea kunimiminia kikombe cha kwanza, na Jumapili zote nilimwambia nimeshiba. Mpini niliutupa kwenye jiko lake nikiwa natoka. Niliambiwa mti ule huwaka polepole sana.

Baba sikumnunia. Nilimwonea huruma, mwanamume mzima anayeamriwa na mama yake hata bandani kwake. Nilimpelekea chai kule kule, nikamkalia karibu, tukawa watu wawili walioonewa pamoja. Nyanya alifariki nikiwa chuoni. Nililia pamoja na watu, kilio cha kufuata wengine, na moyoni nilikuwa bado nina hesabu naye. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa nirudi kwenye mbao za Ciarunji. Niliamua kutengeneza makabati mawili. Moja la wazi kwa vifaa vya mkono, kama nilivyotaka tangu zamani. Lingine la milango, kwa sababu nina rangi na gundi zenye sumu, na watoto wa jirani huingia kwangu kama kuku. Nilikuwa sijawahi kutengeneza mlango maishani mwangu, na huenda hilo halikuwa jambo la bahati tu.

Niliweka bawaba kwenye ukingo wa fremu, nikaizungushia penseli, nikachukua patasi pana. Nikachonga nafasi fupi, ya kina cha ukucha, ili bawaba ilale sawasawa. Mbili upande huu, mbili upande ule. Kisha nikachukua msasa, nikaupitisha kwa kidole gumba, na kidole kikakumbuka kabla yangu.

Niliketi kwenye maranda. Nafasi nne. Zilichongwa Juni, nikiwa nimeshika fremu mwenyewe, wiki nyingi kabla ya Siakago, kabla ya nyanya kukataa chochote. Baba alikuwa na milango kichwani wakati wote niliokuwa nikichora maumbo yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekipelekea chai.

Nilimpigia simu hapo hapo. Amestaafu, yuko nyumbani na ng'ombe wake. Nilimwambia, "Baba, zile nafasi nne ulisema ni za kupumulia." Nilikuwa nasikia mvua kwenye mabati yao.

"Vifaa vilikuwa vya baba," akasema mwishowe, "na baba alikuwa amerudi. Ningefanya aje?"

Nikamuuliza kwa nini basi aliniambia nichague. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma, kuliko milango yenyewe.

"Nilifikiria utachagua ya milango," akasema. "Ningekuwa nimepona. Ukachagua ile ingine, ukafurahi hivyo, nikashindwa. Mtu atamnyima mama yake kitu aje akimwangalia kwa macho? Nilienda kwa nyanya yako nikamwambia yote. Akaniambia, sema ni mimi. Akasema mtoto husamehe nyanya yake haraka."

Sikumbuki tuliagana vipi. Tangu hapo amepiga mara mbili, bado ananiita Mama, nami naitika kwa sababu nimezoea kuitika. Sijamsamehe. Labda nitamsamehe, yeye ni mzee na aliogopa, na woga ni ugonjwa wa watu wengi wazuri. Murithi anauza simu Meru mjini na hajawahi kushika randa. Kufuli limeota kutu, na ufunguo hakuna anayejua ulipotelea wapi. Murithi mwenyewe ameniambia nikitaka kabati nikalichukue. Nitakwenda, kwa sababu ndani ya milango ile kuna pembe moja niliyoikata mimi, na maumbo niliyoyachora mimi.

Lakini usiku wala mchana si kabati linalonirudia kichwani. Ni mama yule mzee anayemenya viazi, akiulizwa swali na mtoto aliyebeba jina lake, na kujibu bila kupepesa kwamba ni yeye. Alidhani atabeba mzigo huo wiki moja au mbili. Alikufa nao bila kumtaja mwanawe hata mara moja, na kila Jumapili alinimiminia kikombe cha kwanza, akanyoosha mkono, akangoja. Nami kila Jumapili nilisema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba hata siku moja.