Siku Ukoo Ulipochagua Laptop Yangu

Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma nione kama kweli umefungwa. Ujumbe wa mistari miwili naufuta na kuuandika upya mpaka anayeusubiri anapiga simu kuuliza kama nimelala. Kwa hiyo nilipoanza kuchagua vipuri vya laptop, niliiandika na kuifuta orodha ile ile kwa miezi.

Wakati huo nilikuwa nauza steshenari Mbinga mjini. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, nalamineti vyeti. Wateja wakikosekana nilijifunza kutengeneza gemu kwenye kompyuta kuukuu ya duka. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama video, nikakosea, nikafuta, nikaanza tena. Gemu yangu ilikuwa mteremko wa kwetu na ngoro zake, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usishuke na maji. Mvua ilinyesha, tone linaingia shimo la juu, likijaa linamwagikia la chini, na mchezaji anachimba na kuziba ili shamba lisiondoke. Mvua ndiyo ilikuwa gemu yenyewe. Ila kwenye kompyuta ya duka haikunyesha. Ilikwama hewani, ikasogea kidogo, ikakwama tena.

Nilirusha mtandaoni kipande kifupi, na kikundi cha watengeneza gemu wa Dar kikaniandikia. Walisema nitume gemu yenyewe waicheze. Ikiwa nzuri, wana nafasi ya mtu wa kujifunza kwao huku akilipwa. Walinipa mpaka mwisho wa mwaka. Niliusoma ujumbe ule mpaka nikaujua kwa moyo, kisha nikausoma tena nikitafuta mahali waliponidanganya.

Laptop za gemu zilizokamilika dukani zilikuwa mbali na sisi. Nikampata fundi wa Dar anayeunda kwa oda: anayo bodi tupu, wewe unachagua kioo, prosesa, kadi ya grafiksi, ramu, diski. Nikajifunza jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulijua wakiwa wameshaumia. Kwenye laptop, kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu, huwa imechomelewa ndani. Ukichukua dhaifu, umeishi nayo. Ramu unaongeza siku yoyote. Diski vilevile. Spika unachomeka kwa nje, hata kioo kikubwa unaweza kuchomeka. Hivyo mwenye fedha kidogo aweke fedha hiyo kwenye kadi, avumilie kwingine kote. Nikapanga oda yangu hivyo: kadi nzuri, vingine vyote vya kawaida. Nililinganisha mpaka nikajionea aibu. Lakini ilikuwa oda sahihi. Mpaka leo sijaipata kasoro.

Mama alikubali kutoa fedha ya kahawa. Baba alishafariki, na kahawa ile mama anaihudumia mwenyewe, kupalilia, kuchuma, kuanika. Lakini shamba ni la ukoo wa baba, na baba mdogo aliahidi kuongezea. Kitu kikubwa namna hiyo hakinunuliwi kimya kimya. Ilibidi kipite kwenye sengu, yaani tukae kwa babu, tule pamoja, ukoo useme. Zamani walikaa wanaume peke yao. Siku hizi shangazi naye hukaa, na mimi niliitwa kwa sababu ya mashine.

Niliingia nikapiga goti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Leo ndiyo siku ya mahari yako?" Watu wakacheka. Babu ananitania hivyo tangu sijaanza shule.

Tukala ugali na usipa, dagaa wa ziwani, ambao baba mdogo alikuja nao kutoka Mbamba Bay. Huko ana kibanda umiza, anaonyesha mpira na muvi. Yeye ndiye alianza.

"Mimi naomba diski kubwa tu. Niweke muvi zote, nisiambiwe imejaa. Na kioo kikubwa. Wale wanaokaa nyuma kwangu wanalipa sawa na wa mbele."

"Na spika," alisema shangazi, ambaye ni kiongozi wa kwaya ya kigango. "Tukirekodi isisikike kama tunaimba ndani ya debe."

"Kwani shangazi mnaimbaga wapi?" baba mdogo akauliza.

"Nyamaza wewe, hata kanisani hujulikani."

Nikaomba kusema. Nikawaeleza kwamba hivyo vyote vinaongezwa baadaye, ila kadi haiongezwi.

"Kadi ya nini tena?" alidakia baba mdogo. "Ya mchango wa harusi?"

Walicheka sana. Mimi nilikuwa na makaratasi niliyochora usiku uliotangulia, picha za bodi na mishale. Nikayaacha makaratasi. Nikamgeukia babu.

"Babu, ni kama mche wa kahawa. Mbolea utaweka hata mwakani. Matandazo utaweka, dawa utapiga. Lakini mche ukiwa dhaifu tangu kitaluni, ndiyo basi, huo ndio utakaokuwa nao."

Babu akaacha kula. Nilimwona akilifikiria, na nikaona kwamba ameelewa. Sijawahi kufurahi namna ile mbele ya wakubwa.

"Kwa hiyo hiyo kadi haiwezi kutolewa kwenye mashine?"

"Haitoki, babu."

"Diski je?"

"Inatoka."

"Spika?"

"Hizo zinakaa nje kabisa."

Akanawa mikono taratibu, mpaka kwenye kucha.

"Basi tununue vinavyotoka. Huyu mke wangu kesho kutwa ataolewa, Songea huko au wapi sijui. Ataondoka na mashine yake, hakuna wa kumnyima. Lakini diski itabaki kwa baba yake mdogo, na spika zitabaki kwa shangazi yake. Mimi siwezi kupanda mche kwenye shamba la watu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kutoeleweka. Kwa kueleweka sikuwa na karatasi yoyote.

Nilimtazama mama. Na yeye aliolewa hapa, na kahawa tuliyokuwa tunaigawa aliilea kwenye udongo usio wake. Alikuwa anakusanya sahani. "Baba amesema," ndilo neno lake pekee.

Nilimpigia fundi asubuhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, ukitoa kadi unabaki na grafiksi ya ndani ya prosesa. Hiyo siyo ya gemu tena. Hiyo ni redio yenye kioo."

"Najua."

"Una uhakika?"

"Andika hivyo hivyo."

Ningeweza kukataa. Niliogopa kutoka mikono mitupu, hilo ni kweli. Lakini kuna sehemu yangu, nayo ndiyo ninayoichukia zaidi kuliko uamuzi wa babu, iliyopumua. Gemu ikishindwa sasa, nitakuwa na wa kumlaumu.

Mashine ilifika na basi, imefungwa vizuri. Ijumaa huwa naishusha Mbamba Bay, kwa sababu baba mdogo anaamini mtu mwingine akiigusa itakufa. Kule ziwani kuna joto, feni inalia tangu unapowasha, na harufu ya usipa wanaoanikwa inaingia hadi kwenye kibodi. Asubuhi, kabla ya mechi, nilifungua gemu yangu. Mvua ilikwama hewani. Nikapunguza matone, nikapunguza tena, nikaondoa vivuli na majani. Wiki za mwisho wa mwaka nikaitoa mvua yote. Maji yakawa yanatokea tu kwenye mashimo, bila kutoka popote. Hapo gemu ikakimbia vizuri kabisa.

Niliituma hivyo, na maelezo marefu kuhusu mvua ambayo hawakuwa na namna ya kuiona. Walijibu kwa heshima. Walipenda mteremko. Hawakuona kilichoitofautisha na gemu nyingine za kilimo. Walinitakia mema.

Sijaolewa, Songea wala popote. Mashine ipo, mimi nipo, na diski imeshajaa nusu.

Jibu lile la Dar lilinikuta kibandani. Baba mdogo aliniona nimeinamia simu.

"Wamesemaje hao watu wako?"

"Hawajajibu."

"Watajibu tu, usiwe na haraka. Hebu washa, watu wameshaingia."

Nikawasha.