Mjomba Wangu Nilimwita Kibarua wa Barabara

Watu husema ni mvua iliyoikata barabara yetu ya kuteremkia ziwani. Si kweli! Niliikata mimi, kwa sentensi moja ya Kifaransa.

Nina shahada ya chuo kikuu, nina mvi za kutosha, na haya ninayoyaandika hata mke wangu anayajua nusu tu. Nisikilizeni basi, ingawa sistahili.

Mimi ni mtu wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Miaka michache iliyopita nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ndogo iliyotaka kuwapeleka wageni Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward. Tulikuwa tumechoka kuona kwamba mtu akisikia Beni au Butembo, anafikiria bunduki tu. Tulitaka asikie pia ziwa, viboko, na tilapia inayochomwa karibu na mitumbwi. Kazi yangu ilikuwa kupanga safari za Jumapili: taxibasi tatu, zitoke mjini alfajiri na zirudi kabla ya giza.

Lakini barabara! Katikati ya mteremko, katika kijiji alikozaliwa mama yangu, kulikuwa na kona yenye matope yaliyomeza hata malori ya samaki. Kamati haikuwa na mashine. Ilikuwa na mimi, na mimi nilikuwa na mjomba.

Mjomba huyo, kaka yake mama, ndiye aliyeongoza salongo pale, ile kazi ya pamoja tunayoifanya wenyewe kwa sababu tumeshangoja wengine bure. Nyumbani kwake nilizoea kuingia jikoni na kufunua sufuria bila kuomba ruhusa. Hakuniita kwa jina. Aliniita mwihwa, kama sisi Wanande tunavyomwita mtoto wa dada.

Aliwakusanya watu mbele ya kanisa baada ya sala.

— Mwihwa wangu anaomba barabara. Siye tumuombe nini?

— Kwanza atuambie, bale bageni banakulaka maracuja? aliuliza mama mmoja muuza matunda.

— Kama balitoka Butembo bila kunywa chai, batakula hata maganda! akajibu mjomba.

Walicheka, nami nikacheka. Kisha nikaahidi, mbele ya wote, kwamba kila gari litasimama pale nusu saa, wageni washuke, wanyooshe miguu na kununua. Hakuna aliyedai karatasi. Neno la mwihwa lilitosha.

Walifanya kazi kiangazi chote. Walipanda na mawe kutoka mtoni, wanawake kwa vichwa, wanaume kwa mabega. Walichimba mifereji, wakalaza magogo ya mikaratusi kwenye kona. Kavira, binti wa mjomba, akajenga kibanda cha kuuzia matunda. Mimi nilikuja mara mbili, nikapiga picha za matangazo.

Safari ya kwanza iliwadia. Nilikaa mbele, pembeni ya bibi mmoja kutoka Kinshasa, mgeni tuliyemtegemea sana kutusifu kwa wenzake. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Tulipofika kijijini, wanawake walikuwa wamejipanga na mabeseni yao ya maracuja na parachichi, wakiimba. Mjomba akatoka mferejini na buti zake, matope hadi magotini, akanivuta dirishani na kunikumbatia.

— Mwihwa wangu! Mwihwa wangu, umefika!

Matope yalibaki kwenye shati langu. Bibi yule akavuta mkoba wake, akaniuliza kwa Kifaransa mzee huyu ni nani.

Nikajibu: « C'est notre cantonnier. » Ni kibarua wetu wa barabara.

Ee Mungu wangu! Hakuna aliyenilazimisha. Bibi hakuuliza kwa dharau. Pengine alikuwa anaokoa mkoba wake tu. Lakini niliona aibu, aibu ya kijinga ya mtu aliyesoma. Nyuma yetu abiria wote walikuwa watu wa Butembo. Neno mwihwa walilielewa, na jibu langu walilielewa.

Mjomba hakusikia siku ile. Alikuwa ameshageuka kuwaonyesha wageni mahali pa kukanyaga wasiteleze.

Tulipoondoka, dereva wetu, Muhindo, akaninong'oneza.

— Secrétaire, ule si mujomba yako? Miye nilimuona ku kilio ya baba yako, njo yeye alikuwa anakushika mukono.

— Endesha gari, nilimwambia.

Uongo mmoja ukaomba mwenzake. Niliogopa kwamba tukisimama tena, mjomba ataniita mwihwa tena, na bibi, au mgeni mwingine, atauliza maana yake. Kwa hiyo wakati wa kurudi niliamuru tupite bila kusimama. Wiki iliyofuata niliandika programu mpya: Butembo hadi ziwani moja kwa moja, « kwa ajili ya kupunguza muda wa safari ». Sentensi nzuri kabisa! Kamati ilinipongeza.

Jumapili baada ya Jumapili wanawake walisimama na mabeseni, nasi tukapita. Mjomba alidhani madereva wamesahau, akaja kusimama mwenyewe kando ya kona.

— Secrétaire, muzee anainua mukono.

— Tumechelewa.

— Lakini hata dakika moja, Secrétaire? Moja tu?

Nilitazama karatasi zangu. Zilikuwa hazina kitu cha kusoma.

Mvua zikaja. Udongo ukajaza mifereji, na hakuna aliyekuja kuizibua. Magogo yakaondoka moja moja, kisha kona yote ikashuka bondeni. Wageni walitembea kwenye matope wakitulaani. Kyavinyonge akina mama waliokaanga samaki wa kutosha magari matatu wakabaki kuwatazama wakipoa. Kamati ikanituma nikaombe salongo.

Nilimkuta mjomba uani akipukuchua maharagwe. Hakupandisha sauti.

— Barabara imekatika, mjomba. Naomba salongo moja tu.

— Umuite cantonnier wako.

Mmoja wa abiria wale alikuwa amemwambia, sijui lini.

— Cantonnier banamulipaka kila mwisho ya mwezi, aliendelea huku akipukuchua. Miye nani alinilipaka? Nilibeba majiwe juu ni mutoto wa dada yangu njo aliomba.

Nilipiga magoti. Nilisema nisamehe, mjomba.

— Kukusamehe, nakusamehe. Niko mukristo. Lakini batu sitabaita. Mara ya kwanza nilibaita ku jina yako. Sasa nibaite ku jina ya nani?

Kavira alipita na kuni. Alizichukua kutoka kwenye kile kibanda chake, nguzo kwa nguzo. Hakunisalimu.

Safari zikafa, kamati ikavunjika, nami nikarudi kufundisha. Hayo ningeyameza. Lakini Pasaka iliyopita nilimkuta mjomba kwa mama yangu, hapa Butembo. Aliponiona akasimama mara moja, akanipangusia kiti chake kwa mkono, akasema: « Karibu, Monsieur. » Bwana, si mwihwa. Nikakaa, maana sikujua la kufanya. Mama aliona, akaenda jikoni, hakurudi kwa muda mrefu. Kuna tusi gani kubwa kuliko heshima ya namna hiyo? Angenipiga kofi ningemshukuru!

Ninyi mnaochora ramani za utalii na kupanga magari ya wageni, nawaambia kwa uchungu: kabla ya kutafuta mgeni wa mbali, hesabuni ni nani aliyewatengenezea njia, na siku mkiulizwa mbele za watu ni nani huyo mwenye matope, jibuni ukweli papo hapo, kwa sauti. Neno hilo halitawachukua hata nusu dakika. Mimi nililikosa, na tangu siku ile, katika ukoo wa mama yangu, mimi ni mgeni.