Kabla na Baada ya Cucu Wangechi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya chai kule juu ya Kianyaga tangu alfajiri, na mimi nilikuwa na kamera begani na haraka kichwani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilijiona fundi, na kusema kweli nilikuwa fundi. Ubaya wangu haukuwa wa mikono. Nakusimulia haya sasa kwa sababu umeanza kwenda kupiga picha peke yako, nami siwezi tena kukufuata kila boma.

Shirika moja lililokuwa likiwasaidia wajane lilinipa kazi ya video ya dakika nne, ya kuwaonyesha wafadhili jinsi maisha yalivyobadilika. Ilipaswa kufika ofisini Nyeri Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilitumwa kwa bibi mmoja, Cucu Wangechi, Cucu kwa maana ya nyanya. Mumewe na mwanawe mkubwa walizikwa katika wiki moja, na baada ya mazishi aliingia chumbani, akalala, akageukia ukuta. Akakaa hivyo miaka miwili. Alilishwa kwa kijiko, na maneno aliyosema ni mawili tu: "Funga mlango." Akina mama wa kikundi cha shirika walimtembelea kila juma, wakaketi naye bila kumsukuma, mpaka asubuhi moja akaomba viatu vyake.

Mimi nilimkuta akiwa na kuku wake. Alikuwa mcheshi huyo! Aliniuliza kama nimeolewa, nikasema bado, akaniambia na mzigo huo begani wanaume watadhani ni bunduki. Akaimba wimbo wa kanisani huku akipukuchua mahindi, nami nikarekodi yote. Kufikia saa sita nilikuwa nimemaliza, au nilidhani hivyo.

Nikapiga simu ofisini kujisifu. Msimamizi akaniuliza, "Na kabla iko wapi? Bila kabla, wafadhili wataona tu mama na kuku." Hakuna aliyempiga picha siku zile za kitanda, na nani angethubutu? Ndipo nikapata wazo, na nikajipongeza kwa kulipata.

Muthoni, mke wa mwanawe mdogo, ndiye aliyemlisha miaka ile miwili. Nilipomweleza kwamba nataka Cucu alale tena kama zamani nimrekodi, aliweka sufuria chini.

"Madam, hiyo chumba tulifunga. Hatuingiangi huko."

"Ni dakika mbili tu, Muthoni."

"Si maneno ya dakika. Mtu akitoka mahali mbaya hivyo, huwezi mrudisha ati aonyeshe vile alikuwa. Hiyo ni kuita."

Kuita nini, sikuuliza. Niliangalia saa. Cucu alikuwa ametusikia, akacheka akasema, "Wacha nisaidie watoto wa watu." Alikuwa na heshima, na hakuona jinsi ya kuwakatalia watu wa shirika.

Chumba kilikuwa na baridi kuliko nje. Alilala bila kuelekezwa, akajifunika, akageukia ukuta. Nikawasha kamera. Hapo, mwanangu, niliogopa. Mabega yake yalishuka, pumzi yake ikapungua mpaka nikawa siisikii kwenye hedifoni. Kisha kidole chake kikatoka chini ya blanketi. Ukutani palikuwa na mstari uliokwaruzwa kwenye rangi, mrefu na laini, wa siku nyingi. Kidole kilifika pale bila kutafuta, kikaanza kwenda juu na chini. Nilikuwa naogopa, na bado nikasogeza kamera karibu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

"Asante Cucu, tumemaliza," nikasema.

Kidole kiliendelea.

"Cucu, amka tunywe chai."

"Funga mlango," akasema, na haikuwa sauti niliyoisikia asubuhi.

Muthoni alikuwa amesimama nyuma yangu. Afadhali angenifokea. Alisema tu, "Sasa enda, madam. Umepata." Na mimi nikaenda. Nilijiambia bibi amechoka, atainuka jioni. Nikaunganisha picha zangu, na kila nilipofika sehemu ile nilisikia ule mkwaruzo ukutani. Ijumaa nikapeleka video. Wafadhili walipoiona walilia, nikaambiwa, kisha wakapiga makofi.

Jumatatu Muthoni akanipigia simu. "Bado amelala," akasema.

Nilirudi bila kamera, nikaketi sakafuni kando ya kitanda. "Cucu, ni mimi. Kazi iliisha. Kamera nimeiacha Nyeri."

Bila kugeuka, akauliza, "Na yule uliweka huko ndani, ameamka?"

"Ile ni picha tu, Cucu."

"Mtoe. Akitoka, nitatoka."

Siku hiyohiyo nilifuta kanda yangu. Nikaenda ofisini kuomba video irudishwe, msimamizi akanitazama kama mgonjwa. Nakala zilikuwa zimeshatumwa ng'ambo, na hakuna aliyejua zilifika kwa nani. Nikarudi Kianyaga nikamwambia Cucu ukweli huo, kwamba sina uwezo wa kumtoa. Kidole chake kikarudi kwenye ule mstari.

Wale akina mama wakaanza upya, kila juma, nami nikawa naenda nao. Cucu aliinuka mwaka uliofuata, lakini hakuimba tena, na hakuwahi tena kunitazama usoni. Kwenye video yangu mwanamke analala kwanza, halafu anaamka na kucheka. Mimi nilimkuta asubuhi akicheka, na mchana nikamlaza.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Kama hukuwepo mtu alipokuwa akiteseka, basi hukuwepo. Mwache asimulie kwa mdomo wake, kwa kadiri anavyotaka, na anyamaze akitaka. Usimrudishe mtu alikotoka ili upate picha. Hata akikubali, kamuulize aliyemuuguza, na ukiambiwa hapana, funga mfuko wa kamera uende zako. Video itakuwa na pengo. Ofisi itanuna, na utapoteza kazi moja au mbili. Mimi nilizipata kazi zote, na bado nausikia ule mkwaruzo.

Mungu akulinde njiani, akupe jicho la kuona na moyo wa kuliheshimu unaloliona. Na kila mtu utakayemkuta amesimama, umwache amesimama.