Mistari Miwili

Miaka tisa nilipima malaria na mimba, na huko mistari miwili ni unayo, mmoja huna. Kwa hiyo nilipohamishiwa kliniki ya waraibu wa unga, sikuona haja ya kusoma karatasi ya maelezo ya vipimo. Niliifanya kawa ya kikombe changu cha chai.

Mgonjwa wa kwanza, mkojo wake ulitoa mstari mmoja. Nikampa mkono wa hongera mbele ya foleni nzima. Wa pili alikuwa Hamadi wa Ole, aliyekuja na mama yake, Bi Time. Wake ukatoa miwili.

"Umerudia," nikamwambia.

"Mie sijagusa, Bi Nesi."

Bi Time akajifunika uso kwa kanga. Nikaamua kuwaonesha mkojo safi ulivyo. Nikaenda chooni, nikarudi na wangu, nikachovya kipimo. Tukakitazama sote watatu. Miwili.

Nikasema boksi zima limeharibika. Hamadi akaiondoa ile karatasi juu ya chai yangu, akasoma kwa sauti: mistari miwili, mkojo hauna unga, mmoja, unao.

Bi Time akafunua uso.

"Alhamdulillahi," akasema. "Na yule uliyempa mkono, mwanangu?"